Pua ya Bastien

Montreal, mwishoni mwa Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na kwamba Jirani Lisette bado anakuletea kuni, hata kama anapiga domo mpaka chai inapoa. Sisi huku tunapumua. Baridi imeanza kung'ata, giza linaingia kabla sijafunga duka la miwani, na baiskeli za kukodi zimekwisha kuondolewa barabarani. Tumebaki sisi wakaidi wenye baiskeli zetu, pua nyekundu, glovu mbili mbili.

Ulipopiga simu mwanzoni mwa mwezi, tulikwambia Bastien alianguka na baiskeli akachubuka goti. Goti lilichubuka kweli. Lakini alianguka vibaya kuliko tulivyosema. Alikuwa anakwenda kazini asubuhi, majani yamelowa na kulala njia nzima ya mtaa wa Rachel, akashika breki kwenye kona, baiskeli ikamtoka. Kisogo kiligonga ukingo wa barabara. Helmeti yake ilipasuka vipande viwili. Hospitalini walimpiga picha wakasema fuvu ni zima, aende nyumbani akapumzike. Tulifurahi, Mama. Nilimnunulia keki.

Keki hiyo ndiyo aliyoitafuna polepole akaniuliza nimeitoa wapi, mbona haina kitu ndani. Nikamwambia ina mdalasini mpaka inakera. Akacheka. Kesho yake nilimkuta amesimama jikoni kwangu, kopo la kahawa limebanwa puani, anavuta kama mtu aliyetoka kuzama. Akasema, "Dada, hamna. Hamna kabisa."

Daktari alitueleza kwamba kichwa kilipogonga, vile vishipa vyembamba vya fahamu vinavyopeleka harufu vilikatika. Ulimi wake unajua chumvi na sukari, uchungu na uchachu, basi. Nilimuuliza dawa. Akasema dawa hakuna. Huenda vikarudi, huenda visirudi, tungoje. Bastien alimshukuru kwa adabu, tukatoka, akashindwa kufungua kufuli la baiskeli yake mwenyewe. Nilimfungulia mimi.

Unajua mkahawa wa Bi Ouimet, anakopika, ndio maisha yake. Aliniomba nisimwambie mtu. Basi tukapanga: kila mchana, wakati wa mapumziko yangu, napanda baiskeli mbio hadi mlango wa nyuma wa mkahawa, ananitolea kijiko, naonja, nanusa. Mimi, Mama, ambaye uliwahi kunifukuza jikoni kwa kuunguza maji! Siku moja alinipa mchuzi wa vitunguu akauliza unanukia nini. Nikasema vitunguu.

"Najua ni vitunguu, we Fabienne! Vimeiva au vimeanza kuungua? Vina utamu wa asali au wa nyasi?"

Nilinusa tena, nikanusa tena. Nilisimama pale na helmeti kichwani, mvua inanichuruzika shingoni, mdogo wangu ananitazama mdomoni kama mtoto anayesubiri kusomewa. Nikasema, "Ni vizuri tu." Akarudi ndani.

Kisha nikashikwa na mafua. Nilikwenda hivyo hivyo, kwa kuwa ningemwachaje? Siku hiyo alikuwa amepokea samaki wa pai. Akanisogezea trei. Nikamwambia pua yangu imeziba, afadhali amwite mtu mwingine. Akasema, "Nikimwita mtu leo, kesho sina kazi. Hebu jaribu." Nikajaribu. Sikusikia chochote. Tulikuwa pua mbili juu ya trei moja, hakuna inayofanya kazi. Akawaangalia macho, akawabonyeza nyama, akaamua wako sawa.

Mteja wa kwanza, Mzee Thibodeau, alisukuma sahani hadi katikati ya meza akapaza sauti, "Jamani, huyu samaki alikufa lini, Pasaka?" Watu wakacheka. Bi Ouimet hakucheka. Aliingia jikoni, akanusa trei, akamnusisha Bastien, na hapo Bastien akamweleza yote. Shukuru, hakuna aliyeugua.

Bi Ouimet hakumfukuza. Ingekuwa afadhali angefoka. Alimshika bega akamwambia, "Mwanangu, kaa, katakata mboga mpaka Mungu akukumbuke." Sasa anamenya na kukata kutwa. Anasema vitunguu bado vinamliza kama zamani, macho hayajui kwamba pua imekufa. Jioni tunarudi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, na kwenye kila kona anashuka, anaisukuma baiskeli akitembea. Mimi nami nashuka.

Mama, sasa nakwambia lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Krismasi Bastien haji. Amekuahidi, najua, na atakupa kisingizio cha kazi. Kazi haimzuii. Jana nilimbana akaniambia: "Kila nyumba nitaizoea hivi hivi. Lakini nikifungua mlango wa Mama, pai ya nyama iko jikoni, nisisikie harufu yoyote, hapo ndipo nitajua kweli imekwenda. Acha nisijue mwaka huu."

Nilimfunga vizuri skafu yake, ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Sikuombi ushauri, wala sikuombi umshawishi. Atakapokupigia na kusema mkahawa umejaa wageni, tafadhali mkubalie. Mwambie tu unampenda, na usimuulize amepika nini.

Mimi nitakuja, kwa treni ya asubuhi. Kitanda chake usikitandike.

Nisalimie Jirani Lisette na wote wa kanisani. Jifunike vizuri.

Mwanao akupendaye,
Fabienne