Viti viwili vya Butembo, kwa dhamana ya Mama Masika

Jumatatu, 2 Julai

Kola za sare za shule tangu asubuhi. Sindano imevunjika, nimeweka nyingine. Papa Aimée, mume wangu, amerudi kutoka kwenye mitego yake ya maporomoko na samaki wasiotosha hata liboke moja la kuoka kwenye majani. Amelala.

Adhuhuri nikaitwa kwenye foni, yaani kwa Mama Masika, mwenye depo ya sabuni na chumvi sokoni. Redio yake ndiyo inayotuunganisha na Butembo tangu barabara ifungwe. Aliyeniita alikuwa wifi yangu Béa, anayeishi huko. Sauti inakatika, inarudi, inakatika. Lakini nilisikia. Parokia yao ina jubilei. Kwaya zote za mji zitaimba ukumbini, Jumamosi tarehe 21. Aimée ataimba peke yake, mbele ya watu wote. Viti vinauzwa mapema, na vinakwisha.

Aimée, binti yangu. Alikwenda kwa Béa likizo, akiwa na miaka kumi na mitatu. Vita ikafunga njia nyuma yake. Sasa ana kumi na sita. Sijui hata urefu wake.

Nataka viti viwili. Tutafikaje, sijui. Navitaka tu.

Jumatano, 4 Julai

Nimeuliza kuhusu safari. Ndege za mizigo huchukua abiria, lakini lazima ruhusa ya komanda. Na komanda anataka sababu ya safari iliyoandikwa. Tikiti inatosha, wanasema. Bila tikiti, hapana.

Basi ninunue. Ila woga. Kununua kwenye hewa, kwa sauti ya mtu nisiyemjua, kitu nisichokiona! Jirani yangu aliagiza vitenge hivyohivyo, na mpaka leo anavaa vya zamani.

Nilimwambia Mama Masika wazi kwamba siamini. Hakukasirika. Mwanamke mpana, sauti ndogo, rozari shingoni, mkono hauachi kupima chumvi. Alinieleza taratibu. Pesa yangu inalala kwake. Muuzaji wa Butembo haigusi mpaka tikiti ziwe mkononi mwangu. Halafu kuna sanduku. Wafanyabiashara wote wa Kivu wanaotuma mizigo kwa ndege huweka kidogo humo kwa kila mzigo. Mzigo ukipotea, sanduku linalipa.

Akauliza kila kiti bei gani. Akaandika bei ya kiti. Nikatoa pesa, na kidogo cha sanduku juu yake.

Nilipofika nyumbani nilijiona mjinga.

Jumamosi, 7 Julai

Ndege imekuja. Gunia la barua na vifurushi halimo. Ndege ilitua mahali njiani, watu wakashusha mizigo, gunia likashuka nayo au likashushwa. Hakuna anayejua.

Tikiti zangu zilikuwa humo.

Nimerudi kwa miguu. Sikutaka kupanda tolekisti, nisije nikalia mgongoni mwa mtu juu ya baiskeli.

Jumatatu, 9 Julai

Muuzaji kwenye foni. Nilisimama karibu, nikasikia yote. Anasema yeye alituma. Mashahidi wapo. Anataka pesa yake. Na tikiti nyingine hatoi bure, maana hizo za kwanza mtu anaweza kuziokota akaenda kukalia viti.

Si mwizi huyo mtu. Hilo ndilo linaloniumiza. Ningependa awe mwizi, nimtukane.

Mama Masika alisema angeweza kunirudishia pesa yangu sasa hivi, kwa sababu bado imelala kwake. Akaisogeza juu ya meza. Yote, pamoja na ile ya sanduku. Niliitazama. Ningeweza kununua mafuta, nyuzi, dawa ya Papa Aimée. Nikamwambia mimi sitaki pesa, nataka kumsikia mtoto wangu.

Akairudisha mahali pake. "Bon," akasema. "Basi tutatafuta kiti."

Jumanne, 10 Julai

Papa Aimée ananiambia niache. Anasema ukimsikia mtoto siku moja kisha ukamwacha, ni kujikata mara mbili. Tumegombana. Ameenda mtoni bila kula.

Anaogopa. Mimi pia.

Alhamisi, 12 Julai

Leo nimeona kitu. Niandike kabla hakijapoa.

Wakubwa wa sanduku walikutana kwenye depo ya Mama Masika. Alinikalisha kwenye gunia la chumvi, nisikilize. Papa Kambale, anayeshika ufunguo wa sanduku, ni mtu wa haki, mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyekataa. Sanduku hili, alisema, ni la sabuni, vitenge, dawa. Vitu vyenye uzito. Karatasi mbili zina uzito gani? Walipe bei ya karatasi, yaishe. Wakianza kulipa nyimbo, kesho watalipa na ndoto.

Walicheka. Nilitaka ardhi inifunike.

Mama Masika hakucheka. Hakupandisha sauti hata kidogo. Ikabidi wao wanyamaze ili wamsikie.

"Papa Kambale, huyu mama hakununua karatasi. Alinunua kiti. Miye niliandika bei ya kiti. Nikapokea pesa ya sanduku juu ya kiti. Alors leo munataka kumulipa karatasi? Iko sawa. Lakini kesho mutu akileta gunia yake ya chumvi, tutamulipa gunia, ao tutamulipa chumvi?"

Mtu mmoja akakohoa.

"Mu hii muji hakuna posta," akaendelea. "Hakuna banki. Hakuna juge wa kukata maneno. Kile tuko nacho ni neno letu tu. Tukilikata leo kwa mama wa cherehani, limekatika kwa wote."

Papa Kambale aliingiza mkono mfukoni. Kisha akatoa ufunguo. Sikutegemea hivyo. Alinigeukia mimi, si Mama Masika, akasema, "Mama, utusamehe." Mzee mzima.

Wamekubaliana hivi: sanduku linamlipa muuzaji tikiti zilizopotea. Yeye anazifuta mlangoni, asiingie mtu nazo. Anatoa mpya za viti vingine, na hizo nalipia mimi kwa pesa ileile iliyolala. Kila mmoja amepata chake. Hakuna aliyeibiwa. Vita hii yote, bunduki zote hizi, na watu waliokaa juu ya magunia wamefanya haki mchana kweupe.

Nampenda huyu mwanamke. Sijawahi kumwambia mtu mzima hivyo, wala sitamwambia yeye. Naandika hapa.

Jumatano, 18 Julai

Ndege ya kuleta tikiti mpya haikuja. Wanajeshi wameichukua kwa kazi yao. Ya kesho kutwa ipo, lakini hiyo ndiyo ya kutupeleka. Hatuwezi kuipanda bila ruhusa, hatupati ruhusa bila tikiti, na tikiti ziko Butembo.

Nilikaa chini kwenye mlango wa depo.

Mama Masika aliwasha foni. Akamtaka muuzaji asome kila kilichoandikwa juu ya tikiti, neno kwa neno. Akaandika, akapiga muhuri wa depo, akavua aproni. "Twende kwa komanda."

Komanda ni kijana. Aliisoma, akacheka. Hii haiko biye, haiko tikiti, alisema, hii iko karatasi ya duka. Nani anathibitisha kwamba hawa watu hawakimbii?

"Miye," akasema Mama Masika. "Bakikosa kurudia, unifunge miye. Depo yangu unaijua."

Kijana akaacha kucheka. Alimtazama, akanitazama mimi. Aliuliza mtoto wangu anaitwa nani. Nikamwambia. Aliuliza ataimba nini. Nikasema sijui, sijamsikia miaka mitatu. Akatia sahihi. Majina mawili, kurudi Jumatatu.

Njiani nilijaribu kumshukuru Mama Masika. Aliniuliza kama nguo zangu za joto ziko tayari, maana Butembo iko baridi.

Ijumaa, 20 Julai

Kati ya magunia ya maharage, ndani ya ndege. Nimetapika. Papa Aimée alinishika kichwa. Mtu wa mtoni, hajawahi kupanda ndege, na ndiye aliyekuwa mtulivu. Msitu chini hauna mwisho. Kwa barabara tungekufa.

Béa alikuwa uwanjani na tikiti mbili mkononi. Za kijani. Nyepesi kweli.

Aimée hakuja, yuko mazoezini. Vizuri. Sikutaka anione nilivyokuwa.

Jumamosi, 21 Julai

Mlangoni walitafuta majina, wakatupeleka kwenye benchi. Viti vyetu. Mtu alikuwa amevikalia, wakamwinua kwa adabu.

Aimée amekuwa mrefu kunipita. Alivaa bluu. Alipofungua kinywa sikumtambua. Sauti ya mtu mwingine, mwanamke, nzito chini kama ya mama yangu. Nilikuwa nimebeba sauti ya mtoto kwa miaka yote hiyo. Nikaiweka chini.

Papa Aimée alilia wazi, mbele ya watu. Hakujifuta.

Kisha Aimée akatuona. Alikosa neno moja. Akaendelea.

Jumapili, 22 Julai

Aimée aliniomba asubuhi: "Maman, mubaki." Hapa kuna shule, kuna usingizi usio na risasi. Cherehani zipo hata huku. Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni.

Nikamweleza habari ya Mama Masika na komanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniomba tena.

Yeye atabaki, amalize shule. Tumeafikiana bila kusema mengi.

Mchana amenisuka nywele. Vidole vyake vina nguvu. Alivuta kidogo, nikasema polepole, akacheka. Béa anapika pondu, majani ya muhogo. Nje mvua ndogo, ya baridi. Papa Aimée amekaa mlangoni amejifunika blanketi, anatazama milima, kitu ambacho hajui akifanyie nini.

Kesho ndege ni mapema. Aimée ametandika mkeka karibu na kitanda changu. Anasema anataka kulala hapo.