Matoroli Manne Ambayo Sitayagusa Kesho

Kwa jina la Mungu Mmoja, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, aonaye ndani ya chuma kama aonavyo ndani ya moyo, naufungua ukurasa huu. Wewe unayesoma, uwe hapa Sumbawanga au mbali na uwanda wetu wa Ufipa, pokea salamu zangu za heshima. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwenu mlionitangulia kwa umri, shikamooni.

Alhamisi, Aprili 30. Mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi.

Kumepambazuka na ukungu hapa Malangali, ule ukungu mzito wa mwisho wa mvua unaolowanisha koti bila mtu kuona tone. Mchana jua likatoka. Jioni hii upepo umeanza kuvuma kutoka vilimani na anga limetakata kabisa.

Moyo wangu haujatakata. Nina hasira, na sioni sababu ya kuipa jina jingine.

Karakana yetu ni ya watu wawili: mimi, katekista mstaafu, na shemeji yangu Kizito, aliyemwoa mdogo wangu Skolastika. Tunatengeneza mashine za kusaga mahindi na plau za ng'ombe. Tunaye pia fundi mmoja wa kuajiriwa, Venansi, mtu wa Mbeya, hodari wa kazi na mwingi wa maneno.

Mafundi wa kigango chetu tuna desturi yetu. Katika mkesha wa sikukuu hii tunapanga vifaa vyetu mstari mmoja kando ya ukuta wa karakana, vikiwa vimefutwa na kupakwa mafuta. Asubuhi, kabla Padre hajanyunyiza maji ya baraka, mzee wa karakana hutembea toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, akikigusa kila kifaa kwa mkono wa kulia. Kugusa kule ni ushahidi. Ni kusema mbele ya Mungu na mbele ya watu kwamba chombo hiki ni kizima na hakitamdhuru atakayekishika.

Mzee huyo ni mimi.

Wiki iliyopita Kizito alileta matoroli sita ya karakana kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Ni yale ya bati, yenye droo za spana na magurudumu manne, ambayo fundi huyasukuma yakiwa na injini au chuma kingine kizito juu yake. Yalikuja vipande vipande, ndani ya maboksi. Mawili tungebaki nayo. Manne Kizito alikwisha kuyaahidi kwa mafundi wawili, mmoja wa Mpui na mwingine wa Mwimbi, ambao wanakuja kesho kusali nasi na kuyachukua. Wanayataka yakiwa yamekwisha kuguswa na kubarikiwa. Hawatayakagua. Watanikagua mimi usoni, basi.

Leo asubuhi tumeyafungua maboksi.

Sijui aliyeyatengeneza matoroli haya ni nani wala anasali wapi. Najua tu kwamba hakukusudia mtu ayafunge. Bolti za boksi la kwanza zilikuwa nene kuliko matundu yake. Za boksi la pili ziliingia katika matundu na kucheza humo kama ulimi mdomoni. Nati zilionekana sawa kwa macho, lakini ukizizungusha mara mbili zinakwama, kwa sababu meno ya nati yalikatwa kwa kipimo kimoja na meno ya bolti kwa kipimo kingine. Washa, zile pete za chuma, zilikuwa ndogo kuliko vichwa vya bolti zilizopaswa kuzilalia. Boksi moja lilikuwa na reli za droo za upande wa kulia peke yake. Karatasi ya maelekezo ilionyesha picha ya toroli lenye mpini, na katika matoroli yote sita hapakuwa na mpini hata mmoja.

Venansi aliinua bolti moja na nati yake, akavitazama kwenye mwanga wa mlango. “Mwalimu,” akasema, “hawa wameoana bila kutangazwa kanisani.”

Nilicheka. Sijacheka tena tangu hapo.

Babu zetu kwenye uwanda huu waliyeyusha chuma katika matanuru ya udongo yaliyowazidi urefu, na jembe walilolitoa humo lililima hadi likaisha kwa kulima, si kwa kuvunjika. Leo mjukuu wao anapewa bati linalopindika kwa kidole gumba, limepakwa rangi ing'aayo, na anaambiwa kwamba hayo ndiyo maendeleo. Ninamchukia mtu anayefunga kitu kibovu ndani ya boksi zuri na kukipeleka kwa watu ambao hatawaona wakiumia. Nimelitafakari neno hilo, kuchukia, kabla ya kuliandika. Linabaki.

Hata hivyo kazi ilikuwepo, nasi tuliianza kama inavyotakiwa. Tuliziweka kando bolti zote za maboksini. Tukaenda kwenye makopo yetu ya vyuma vilivyofunguliwa kwenye mashine kuukuu, tukachagua bolti moja moja, kila moja na nati inayopanda meno yake hadi mwisho kwa vidole, bila spana. Tukayatoboa upya matundu. Chini ya bati, mahali gurudumu linaposhika, tukaweka kipande cha chuma kinene ili bolti ipate kitu cha kuuma. Ni kazi ya polepole. Hadi adhuhuri tulikuwa tumemaliza matoroli mawili, na juu ya hayo mawili ningepanda mwenyewe nisimame bila woga.

Baada ya sala ya Malaika wa Bwana niliwaaga, nikaenda kanisani kuandaa masomo ya Misa ya kesho. Venansi naye alitumwa na Kizito kwenda mjini kununua mafuta ya kupaka vifaa. Kizito akabaki peke yake.

Niliporudi alasiri nilikuta matoroli sita mstarini, yote yamesimama, yote yamepakwa rangi ya buluu mbichi.

Kazi iliyotuchukua asubuhi nzima kwa matoroli mawili, mtu mmoja alikuwa ameifanya kwa manne kabla jua halijapungua ukali. Niliinama nikatazama chini ya lile la mwisho. Bolti zilikuwa zile zile za maboksini. Zilipokataa kuingia alizipiga nyundo. Nati zilipokwama alizilazimisha kwa spana yenye bomba la kuongeza nguvu, hadi meno yakalika, na rangi ikafunika majeraha yote.

Venansi alikuwa amerudi, nikamwambia tukiinue kichwa cha injini ya mashine ya kusaga, tukiweke juu ya toroli lile, kisha alisukume hadi mlangoni.

Halikufika mlangoni. Gurudumu la mbele lilichomoka na bolti yake, toroli likalala ubavu, na chuma kile kikaanguka mahali mguu wa Venansi ulipokuwa. Aliuvuta. Ncha ya buti lake ilibaki imepasuka, na vidole vyake, kwa rehema ya Mungu, vilikuwa vizima ndani yake. Aliketi chini akaanza kuvihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kizito alikuja akifuta mikono. Hakuuliza habari za mguu.

“Nani amewaambia mpakie mzigo?” akasema. “Rangi haijakauka.”

“Ni toroli, Kizito. Linapakiwa mzigo.”

“Kesho hakuna anayepakia kitu. Kesho ni maji ya baraka tu, shemeji. Wakifika nayo kwao, wale nao ni mafundi, watakaza wenyewe.”

“Watakaza nini? Meno hayapo.”

“Unanidhalilisha mbele ya kibarua!”

“Kibarua ana vidole kumi bado,” alisema Venansi akiwa chini. “Shukuruni.”

Hapo Kizito aliacha Kiswahili akaingia katika Kifipa, ili Venansi asielewe, ingawa uso wake ulieleweka na kila mtu. Aliniambia kwamba ameshatoa neno lake kwa watu wa Mpui na Mwimbi, na kwamba tangu niliposoma kwa mapadre ninajiona mlinzi wa mlango wa mbinguni. Kisha akanikaribia na kusema, “Wewe, shemeji, hata misumari ya msalabani ungeirudisha dukani, kwa kuwa haikulingana.”

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nilipoyasikia damu ilinipanda kichwani, nami nilikuwa na spana mkononi. Namshukuru Mungu niliiweka mezani.

Alimalizia kwa utulivu, na utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Nikiyaondoa matoroli yale mstarini, yeye hahesabiki tena katika karakana hii, na mke wake hatakanyaga tena kwangu.

Mke wake ni mdogo wangu. Wazazi wetu wamekwisha kufa, na kwetu tumebaki mimi na yeye.

Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo. Sitaficha kwamba nilifikiri kunyamaza. Ningetembea kesho kwenye mstari, mkono wangu ungepita juu ya matoroli yale kidogo tu, bila hata kuyafikia, na nani angeona? Amani ingekaa nyumbani. Skolastika angecheka jikoni. Labda bolti zingeshika mwezi, labda mwaka.

Lakini seminarini nilifundishwa kwamba baraka si rangi ya kupaka juu ya kutu. Padre akikibariki kitu, hakigeuzi kuwa kile ambacho mtengenezaji alikataa kukifanya kiwe. Na watu wale wawili hawamwamini Kizito, wala hawaliamini boksi. Wanauamini mkono wangu. Nikiugusisha uongo, basi mguu utakaopondwa Mwimbi utakuwa umepondwa na mimi, nikiwa nimevaa kanzu ya kanisa.

Nilirudi ndani.

Nilichukua nyundo na patasi ya chuma, na mbele ya macho ya Kizito nikayalaza matoroli manne chali, nikakata bolti moja baada ya nyingine. Magurudumu yalipoanguka niliyatupa ndani ya pipa la vyuma chakavu. Kisha nikawapigia simu wale mafundi, wa Mpui kwanza, halafu wa Mwimbi, nikawaambia kwamba matoroli yao ni mabovu, kwamba hayatabarikiwa kesho, na kwamba nikiweza nitayatengeneza upya kwa chuma cha kweli, na nisipoweza nitawaambia hivyo pia. Wa Mpui alinishukuru. Wa Mwimbi aliniuliza, “Samahani, Mwalimu, na yale matoroli mengine niliyochukua kwenu zamani, je?” Nikamjibu kwamba yale tuliyafunga wenyewe. Lakini swali lake limenichoma, na nadhani litanichoma muda mrefu.

Kizito alisikia yote. Aliuendea mstari wa vifaa, akachukua nyundo zake, tupa zake, na jiriwa yake ndogo, akavitia ndani ya gunia, akaondoka. Kila atakayeingia kesho ataliona pengo lile ukutani na kujua kwamba tumegombana. Venansi alitaka kuvisogeza vifaa vingine vilizibe. Nikamkataza.

Magharibi, nikiwa tayari kuketi kuandika haya, Skolastika alinipigia simu. Yeye ndiye anayepika chakula cha sikukuu kila mwaka, ugali wa ulezi na maharage, na mafundi wote hula uani kwangu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na kunawa uso.

“Kaka, shikamoo.”

“Marahaba, mama.”

“Kesho nipike kwa nani?”

Nilimwambia apike nyumbani kwake, kwa kuwa mume wake ndiye kichwa cha nyumba yake na sitaki agombane kwa ajili yangu. Nikamwambia kwamba mimi nitakuja kula nikiitwa.

“Na usipoitwa, kaka?”

Aliingoja sauti yangu, kisha akakata simu.

Nimekaa hapa na swali hilo. Kesho nitapita kwenye mstari na kugusa kile kilicho kizima, na mahali pa Kizito nitapita mkono wangu ukiwa umeshuka. Sijutii patasi. Sijui kama ninajutia jambo lingine lolote. Hilo namwachia Yeye anayepima.

Mungu Mwenyezi akubariki wewe uliyesoma hadi hapa, awabariki wa nyumbani mwako, na kila chombo mnachokitegemea kiwe kizima kwa ndani kama kilivyo kwa nje. Aibariki pia nyumba ya Kizito. Nimeandika sentensi hiyo kwa shida, nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu dada yangu yumo ndani ya nyumba hiyo. Amina.