Majani ya Mapera Yaliyotoka Meusi

Kwa Baba Atieno, Kosele.

Barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako. Mimi ni mzima, ila mikono inanuka ngozi hata nikioga mara mbili. Mama yako anaendeleaje? Atieno bado anakohoa?

Kuna jambo linanizungusha kichwa tangu Jumanne, na nakuuliza wewe kwa sababu ulikuwepo.

Unakumbuka Mama alipoharisha siku mbili, nikamchemshia majani ya mapera? Majani kumi na manne, vikombe vitatu vya maji, mpaka kibaki kimoja na nusu. Ndivyo nilivyochemsha tangu nikiwa msichana Kendu Bay, na kila mara yanatoka rangi ya chai bila maziwa. Siku ile yakatoka meusi kama wino. Dada yako Apondi, aliyekuwa amekuja kutoka Rongo, akachungulia akapiga kelele: “Mama, usinywe! Huyu ametia kitu!” Yakamwagwa. Miaka miwili sasa Mama hali chakula cha jikoni kwangu. Mimi niliyejenga jikoni hiyo kwa kuuza dagaa wa omena!

Sasa sikiliza. Hapa kiwandani tunaloweka ngozi kwenye maji ya magome ya miti. Jumanne nikatoa ngozi arobaini, saba zina madoa meusi. Nikajua nimefutwa kazi. Msimamizi wetu, Mzee Mutiso, akacheka tu. “Mama Atieno, nani ameacha misumari humu?” Akanieleza kwamba magome yana kitu kinaitwa tanini. Ndicho kinakaza ngozi, ndicho kinakausha ulimi ukitafuna pera bichi, na majani ya mpera yanacho tele. Kikikutana na kutu ya chuma, maji yanageuka meusi.

Sikumwamini. Nikachuma majani kwa jirani, nikachemsha kwa sufuria ya alumini, nikagawa glasi mbili. Moja nikatia msumari wenye kutu. Sijamaliza kuhesabu mia mbili, ikawa nyeusi. Ile nyingine ikabaki chai.

Baba Atieno, wiki ile chungu changu kilikuwa kimepasuka. Nilichemshia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa umenyeshewa nje, na wewe ndiye uliyeniletea. Apondi alipopiga kelele ulikuwa umekaa pale, mkebe uko mbele yako. Ulinyamaza kwa nini? Hukujua, ama uliogopa dada yako?

Na bado sielewi. Nilimuuliza Mutiso, kama tanini ndiyo dawa, na kutu imeishika yote, tumbo la Mama lingepata nini? Akasema, “Mimi najua ngozi, Mama. Matumbo sijui.” Na Mama alipona kwa maji ya chumvi na sukari ya zahanati, bila kuonja yangu. Basi sijui kama ilimwagwa dawa ama maji machafu. Najua tu sikutia kitu.

Mwite Apondi aje, uchemshe mara mbili mbele yake na Mama: chungu kipya, kisha mkebe ule ule. Majani kumi na manne kila mara. Asinywe mtu, waangalie tu. Yote yakitoka meusi, niandikie hivyo, nitajua sijui kitu. Ya mkebe yakiwa meusi peke yake, wewe usiniandikie. Apondi aandike kwa mkono wake. Hapo nitapanga safari ya kuja nyumbani Desemba.

Nisalimie Mama, mjomba wako fundi wa baiskeli, na shemeji yangu mdogo anayechunga ng'ombe. Atieno mwambie viatu vyake nimevipata.

Ni mimi mkeo, mwenye jikoni yake,
Mama Atieno