Barua Aliyoisaini Bwana Ackroyd

9 Mtaa wa Brook,
Skipton, Yorkshire.
4 Oktoba 2003

Mpendwa Shangazi Hester,

Aliyemfanya Bwana Ackroyd abadili msimamo ni mimi. Basi, nimeshaandika. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata Mama, na naandika kwa kujificha kama vile nimeiba.

Lakini nimeanza vibaya, hata salamu sijatoa. Hujambo, Shangazi? Mguu wa Mjomba Ralph unaendeleaje baada ya kutolewa plasta? Sisi huku wazima, ila Baba anakohoa kidogo kwa sababu mvua zimeanza naye hataki kuvaa kofia. Asante kwa skafu. Naivaa kazini kila siku.

Tangu nimalize shule mwezi wa Juni niko Ackroyd na Pinder, ofisi ya mawakili ambako Mama ni wakili. Napeleka chai, napanga majalada, nabandika stempu. Bi Maureen, karani mkuu, husema, "Rowena, wewe hata ukijigonga mlangoni unauomba mlango radhi." Wote hucheka, nami huona haya, lakini ni kweli.

Habari kubwa ni hii: tangu Jumatano ofisi yetu si ubia wa kawaida tena. Ni ubia wenye dhima yenye kikomo! Najua linasikika neno kavu, lakini fundi alipokuwa akifunga kibao kipya cha shaba mlangoni nilitaka kurukaruka barabarani. Maana yake ni kwamba kuanzia sasa mbia mmoja akiharibu kazi ya mteja, wenzake hawapokonywi nyumba zao kwa kosa lake.

Unajua kwa nini jambo hilo ni zito kwetu. Mama aliombwa mara mbili awe mbia, akakataa mara zote mbili, kwa sababu ya lile duka la mazulia la Baba na mbia wake. Baba hakukosea lolote. Aliyekosea ni mwenzake, lakini nyumba iliyouzwa ilikuwa yetu. Mama aliapa kwamba paa letu halitategemea tena uangalifu wa mtu mwingine.

Wabia wawili waliyataka mabadiliko. Bwana Ackroyd, mkubwa wao, alikataa katakata, na bila saini za wote watatu hakuna kitu. "Baba yangu aliweka nyumba yake nyuma ya neno lake miaka arobaini," alisema. "Mimi nijifiche?" Mwezi wa Agosti Mama aliingia ofisini kwake akazungumza naye dakika kumi, akatoka midomo imemkauka. "Amenisikiliza kwa adabu," aliniambia, "kama mtu anavyosikiliza mvua."

Sasa kosa langu. Kila siku saa kumi jioni nampelekea Bwana Ackroyd chai, kipande cha keki ya tangawizi na jalada la barua za siku hiyo, zake na za wenzake. Hasaini jina lake mwenyewe. Huandika jina la ofisi, kama mawakili wa zamani, kwa hiyo barua ikishatoka ni kama wote wameisema. Wala hasomi. Mimi nafunua, yeye anasaini huku akisimulia kriketi.

Siku iliyofuata baada ya Mama kuzungumza naye, nilipiga chapa barua yangu mwenyewe, kwenye karatasi nzuri ya ofisi, nikaichomeka katikati. Ilisema kwamba ofisi yetu inaahidi kukabidhi nyumba ya Bwana Ackroyd, mawaridi yake yote na mbwa wake Bosun kwa mtu yeyote atakayeomba.

Akaisaini, Shangazi! Kwa madaha kabisa, na mstari wa kujipinda chini yake.

Nilipaswa kuchukua jalada niondoke. Nikabaki nimesimama mbele ya meza yake.

"Kuna nini, binti? Keki imekwisha?"

"Tafadhali, Bwana Ackroyd, naomba usome ile ya saba."

Akasoma. Shingo ikamwiva hadi masikioni. Nikajua nimefukuzwa, na Mama pamoja nami.

"Mama yako ndiye aliyekutuma?"

"Hapana, bwana. Hajui. Hakuna anayejua."

"Hata Bosun?"

Sikujua kama ni utani. Nikajibu, "Hata yeye, bwana."

Hakucheka. Alilivuta jalada akaanza kusoma barua zote zilizobaki, moja moja, kidole kikifuata mistari. Chai ikapoa. Mara mbili aliuliza, "Huyu mteja ni nani?" nami nikamwambia ni wa Bwana Pinder. Mwishowe akaichana ile yangu vipande vidogo, akavitumbukiza ndani ya kikombe.

"Baba yangu alikuwa peke yake humu," alisema taratibu. "Kila barua aliijua." Kisha akaniangalia. "Nenda nyumbani, binti. Ukirudia nitakufukuza kwa maandishi. Na hayo nitayasoma."

Kesho yake alikubali. Na Jumatano Mama amekuwa mbia! Aliusoma mkataba mara mbili, akampa na Baba ausome, ndipo akasaini. Jioni tulikula samaki na viazi vya kukaanga kwenye karatasi yake, na Baba alifuta macho akisingizia siki.

Msalimie sana Mjomba Ralph, na binamu yangu Alastair, mwambie picha za kondoo zimefika. Mungu awalinde huko Tasmania, awape majira mema.

Shangazi, Bwana Ackroyd amewaambia watu wote kwamba ni Mama aliyemfumbua macho kwa zile dakika kumi. Mama anaamini. Anatusimulia mezani alichosema na jinsi alivyokisema, na siku hizi huingia ofisini kwa mlango wa mbele, si ule wa nyuma kama zamani. Atakuandikia mwenyewe akusimulie. Nakuomba umpongeze kwa hotuba yake, na haya yangu yabaki kwako.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukukumbuka,
Rowena