Uliniita Mara Moja

Bibi,

Sijui kama aliyekwisha kuzikwa huamkiwa shikamoo au hupewa salamu ya makaburini. Nimekupa zote mbili, chagua mwenyewe.

Leo ni siku ya hamsini na tatu tangu tukuzike. Arobaini yako ilikwenda vizuri, pilau haikuungua, na mjomba Hamisi amechukua redio yako kama tulivyojua atachukua. Mimi na mwanangu Rukia tumehamia kwako hapa Tongoni. Kila asubuhi napanda gari kwenda Raskazone, kwenye ile hoteli, nakaa mapokezi nikiwachekea wageni. Bati la jikoni linavuja palepale. Mkoba wako wa uganga niliuacha kwenye msumari wake uleule, na ndio ulionifanya niandike, kwa sababu naogopa, Bibi. Naogopa sana na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua tangu utotoni nilivyokuwa na hamu ya kuona unachokiona. Alasiri za ngoma za pepo nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa mlango, mgonjwa anapokunywa dawa yako na kuanza kusema na watu tusiowaona. Ulikuwa unanifukuza kwa kandambili. Nilipokua nikauhamishia udadisi wangu kwenye simu. Wageni wa hotelini walinihadithia uyoga unaofungua moyo, wakasema walimwona Mungu, walilia, walipona. Nikasikiliza, nikasoma, nikatazama video mpaka bando likaisha. Nikawa nazijua dawa za Meksiko na za misitu ya Brazili kuliko mizizi iliyomo mkobani mwako. Na kimoyomoyo nikajisifu: hawa wanapanda ndege kutafuta kitu ambacho bibi yangu anacho kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Basi Jumamosi ile baada ya arobaini, Rukia alipokwenda madrasa, nikaswali adhuhuri, nikafukiza udi, nikauteremsha mkoba. Dawa ilikuwa imebaki, ile ya mnanaha, mmea wa maua meupe unaoota jalalani, ambao ulitukataza hata kushika majani yake. Haukuwa udadisi tu. Nilikuwa nimekukumbuka, nilitaka kukuona. Nikanywa peke yangu, mlango nimeukomea, kama mtoto anayeiba sukari.

Mdomo ulikauka kama niliyebugia unga. Moyo ukaenda mbio. Nilitegemea mwanga na rangi, kama wanavyosimulia wale wageni. Nikakuona wewe, umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi. Bibi yangu mzima, na ile kanga yako ya kahawia. Nikakusemesha. Nikakwambia ya kazini, nikakwambia ya baba yake Rukia, nikakuomba radhi kwamba siku unakufa mimi nilikuwa hotelini nagawa funguo. Hukuinua uso. Nikarudia. Ukawa unakuna tu, kru, kru, kru. Halafu hukuwepo, na nyuma yangu, uani, sauti yako ikaita, "Mwanahawa."

Mara moja.

Nikaitika. "Abee, Bibi!"

Haikuita tena.

Uliniambia mara ngapi? "Ukisikia jina lako na humwoni akuitaye, nyamaza. Mwenye heri ataita mara tatu." Kila mtoto wa huku kwetu amelelewa na onyo hilo. Na wewe mwenyewe uliwaita wagonjwa wako hivyohivyo: unamshika mtu kidole gumba, unamwita mara tatu, anaitika, ndipo anapewa uji wa mchele. Ulikuwa ukisema, "Dawa ni ya kwendea tu. Kurudi ni kazi yangu mie." Nami nikasahau yote, nikaitika kama mtoto aliyeitiwa maandazi. Nilimwitikia nani, Bibi?

Aliyenikuta ni Bi Zainabu, jirani yako na msaidizi wako wa miaka yote. Magharibi ilikuwa bado haijaadhiniwa. Anasema nilikuwa nimetoka uani, nazungumza na kinu, nakibembeleza kinijibu. Rukia alikuwa amesimama nyuma yake, juzuu ameikumbatia kifuani. Siku mbili sikuweza kusoma maandishi ya simu, mboni za macho zimetanuka. Kazini nilisema ni malaria.

Tangu hapo siitiki. Mtu akiniita kwa nyuma, kwanza nahesabu. Meneja anadhani nimeingiwa na kiburi, na hilo si kitu. Lakini Jumatatu nilikuwa jikoni, Rukia akaita kutoka nyuma ya nyumba, "Mama." Sikumwona. Nikaushika mwiko, nikanyamaza. "Mama!" Nikahesabu mbili. Bibi, nilisikia kabisa kuwa ni mwanangu, na bado nilikiogopa kinywa changu. Ya tatu haikuwa neno, ilikuwa kilio. Alikuwa amekanyaga kigae cha chupa, kisigino kimepasuka, damu imejaa kwenye ndala. Wamemshona, anachechemea. Ila sasa akinitaka, hata kama anataka sukari tu, anasema "Mama, Mama, Mama" kwa pumzi moja. Majirani wanacheka, wanadhani ni mchezo wake. Mimi ndiye niliyemfunza.

Jana niliuteremsha mkoba tena. Nilitaka kunywa iliyobaki, nije nikuulize kama ulikuwa wewe. Kifuniko nilikwisha kukifungua. Lakini nikaiweka chupa chini, nikaenda kwa Bi Zainabu, nikamweleza kila kitu nikisubiri matusi. Hakunitukana. Alinitazama, akasema, "Bibi yako hakunywa peke yake hata siku moja. Yeye unadhani nani alikuwa akimwita?"

Miaka yote hiyo nilidhani unakwenda na kurudi kwa nguvu zako mwenyewe. Kumbe na wewe ulikuwa na mtu wa kukushika gumba. Akaniambia na la siku yako ya mwisho, ambalo hakulisema matangani: alikuita mara tatu. Ya tatu ukatikisa kidole, lakini hukuitika. Akalia, nami nikalia, chai yetu ikapoa hapohapo.

Kisha akanishika gumba akaniita, Mwanahawa, Mwanahawa, Mwanahawa, nikaitika. Nilitegemea hofu itoke. Haikutoka yote. Hata sasa naandika nimeegemea ukuta ili asiwepo mtu nyuma yangu. Labda ilikuwa ni mnanaha tu, na akili yangu iliyokonda kwa kukutamani. Labda sivyo. Sitajua, na sitakwenda kuuliza.

Asubuhi ya leo nimeimwaga dawa chooni. Chupa sikuivunja, nimeifukia nzima, mbali na anapopita mtoto. Mkoba nimempa Bi Zainabu. Najua ulitaka niurithi mimi, na usinikasirikie, maana mimi nimeona nisivyofaa.

Lala, Bibi. Kila Alhamisi nitakusomea Yasini, na majani hayataota juu yako nikiwa hai. Kama ni wewe uliyeniita siku ile, nakusihi kwa mapenzi yote uliyonilea nayo, usiniite tena. Siku yangu ikifika nitakuja.

Na nakuahidi jambo moja, huko uliko unishuhudie. Rukia akiita nitaitika mara ya kwanza, nimwone nisimwone. Na kama siku moja haitakuwa yeye, basi na iwe. Afadhali nimwitikie shetani mara mia kuliko mwanangu aniite mara mbili.

Madrasa imetoka. Nasikia ndala inaburutwa nje ya ua.

Naweka kalamu, Bibi. Ameita.

Mjukuu wako,
Mwanahawa