Soko Limefika Uani

Mautuma,
14 Agosti 1966

Mume wangu Erastus,

Nakusalimu kutoka huku kwetu. Mahindi yamebeba vizuri, na mama yako sasa anatembea kwa mkongojo.

Ukirudi hutapajua. Pale Wazungu walipolisha ng'ombe pana maduka saba ya mabati na mashine ya kusaga unga. Watu wanahamia kutoka Maragoli hata Bungoma. Wanasema huu utakuwa mji.

Mwezi wa sita mpima ardhi alipiga vigingi vya soko hadi uani kwetu. Nikamwambia, "Hapo ni kaburi la binti yetu, Nanjala."

Akaniuliza, "Mwenye shamba ako wapi?"

Nikasema uko Kampala kazini, utakuja. Akangoja wiki tatu. Barua zangu mbili hukuzijibu.

Jumatatu walimwaga saruji ya duka juu ya kaburi. Nilisimama nikitazama mpaka ikaanza kukauka. Mwenye duka ni mtu mpole. Alinipa ratili mbili za sukari, nami nikazipokea.

Sikuombi tena uje. Hakuna kilichobaki cha kutetea. Nimeona tu usiyasikie haya kwa watu wengine.

Ni mimi mkeo,
Roda