Fleti Uliyotutuma Kuitazama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Natumaini u mzima na baridi ya huko imekuachia kifua chako. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa.

Ulitutuma tukaitazame ile fleti ya kifahari, katika jengo la kale lililokarabatiwa kule mashambani, ukitaka mama amalizie uzee kwa raha pale alipokuwa dobi, enzi likiwa hospitali ya kifua kikuu. Nia yako ilikuwa njema. Tumekwenda na tumerudi, na yaliyotukuta nakueleza hapa.

Alitupokea dalali, dada mmoja aliyejimwagia marashi hata mama akapiga chafya getini. Alituomba tusiseme hospitali, tuseme makazi ya mapumziko. Fleti yenyewe ndiyo iliyokuwa wodi ya wanaume. Sakafu inang'aa, na jiko ni jeupe hujui hata moto unawashwa wapi. Kwenye baraza, walikolazwa wagonjwa waote jua huku wakitema damu kwenye makopo, sasa kuna viti vya kunywea mvinyo. Na makopo yale yapo, kaka. Yamesuguliwa, yamepandwa maua, na dalali anayasifia kwamba ni ya asili kabisa. Nilishikwa na kinyaa.

Chumbani, juu ya kitanda, wametundika shuka kuukuu ndani ya fremu, limewekewa na taa yake. Dalali alisema wapambaji walilikuta stoo, wakaipenda huzuni yake. Mama akasogea. Kule dobini kila mgonjwa alikuwa na alama yake, uzi wa rangi ulioshonwa kwenye pembe, ili shuka likishachemshwa lirudi kwa mwenyewe. Lile lilikuwa na mishono mitatu ya buluu, wa mwisho umepinda. Mama akaweka kidole juu ya kioo, akasema taratibu, "Hili la baba yenu."

Nilidhani ni uzee. Si tumekua tukiambiwa baba alikwenda kutafuta kazi mbali, akafia huko? Mama aliketi kwenye kile kitanda bila kumwomba mtu ruhusa, akanieleza kwamba baba hakwenda popote, alilazwa wodini humo. Nyumba yenye ugonjwa ule ilikimbiwa na majirani, watoto wakakosa wa kucheza nao, ndiyo maana akatudanganya. Kazi ya udobi aliiomba kwa sababu wake wa wagonjwa hawakuruhusiwa kuingia, lakini madobi waliingia kuchukua mashuka. Alimwona kila yalipobadilishwa, mpaka siku alipokuta shuka tu.

Dalali naye, baada ya kusikia yote hayo, alisema inavutia sana, akauliza kama mama angekubali kurekodiwa, kwa kuwa wanunuzi wanapenda hadithi. Nilitamani nimtapikie viatu. Mama akaomba apewe shuka. Akajibiwa kwamba mapambo huuzwa pamoja na fleti.

Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma. Mama alininong'oneza nimpeleke dalali bafuni nikamuulize habari za maji ya moto, tena nisifanye haraka. Niliuliza hadi nikaona haya. Tulipotoka, mama alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia, magoti yamepona ghafla. Dalali alikuwa anachezea simu yake. Mimi nilichungulia chumbani: fremu iko palepale, taa inawaka, ndani hamna kitu. Tukaaga kwa heshima zote.

Watakupigia tu, maana tuliingia kwa jina lako. Wajibu utakavyo, ila fleti usinunue. Mama amelifua shuka kwa mkono, amelianika, na sasa analilalia. Nilimwambia limechakaa, nimtandikie jingine. Akanijibu kwamba miaka yote ile aliruhusiwa kulifua tu, hata kuketi pembeni mwa kitanda alikatazwa.

Anakusalimu sana, na anaomba usimwekee kinyongo kwa uongo wa utotoni. Nami nakuombea afya na usingizi mwema.

Mdogo wako akupendaye,
Kifaranga